Reaper kwa mtunzi wa muziki wa filamu: inafaa Goma?

Kwa mtunzi wa Goma anayeletewa dokumentari na vipindi vya televisheni, huku kompyuta yake ni ya kawaida na kuranti inakatika bila kubisha hodi, Reaper, programu ya kompyuta ya kurekodi na kutunga muziki, inafaa sana. Faili ya kuisimika kwenye Windows haifiki MB 20. Unaijaribu siku 60 bila kufungiwa kitu, kisha leseni ni dola 60 kwa mwenye mapato ya kazi hiyo yasiyozidi dola 20,000 kwa mwaka.

Video unaiweka kwenye mstari wake kama sauti nyingine, na dirisha lake linakwenda pamoja na muziki. Kwenye Windows ikikataa kuonekana, mara nyingi kinachokosekana ni VLC, programu ya bure ya kuchezea video. Kabla ya noti ya kwanza, weka mradi kwenye kipimo cha sauti cha 48 kHz (44.1 ni ya CD) na idadi ileile ya fremu (picha kwa sekunde) anayotumia monteri, yaani mhariri wa filamu. Hapo ndipo kazi inapoharibika: picha ya fremu 24 ikiendeshwa kwa 25, dakika 10 zinapungua sekunde 24, na kila mpigo unaangukia pasipo pake. Video za simu ni mbaya zaidi, maana fremu zake hupanda na kushuka. Mwombe monteri MP4 ya fremu zisizobadilika, yenye saa iliyoandikwa juu ya picha, na usitunge kabla montaji haijafungwa.

Washa hifadhi ya kujiendesha kila dakika 5, hata wakati wa kurekodi.

Udhaifu wake mkubwa ni ala. Haina violini wala piano. Ina sintesaiza nyepesi. Ala za bure zipo mtandaoni, ila okestra kamili hula gigabaiti nyingi. Kwa maoni yetu, likembe au gitaa lililorekodiwa vizuri linashinda violini hafifu za kompyuta.

Kitu kizuri ambacho hakisifiwi vya kutosha: kila kipande ukikiwekea mipaka na jina, Reaper inakutolea orodha ya CSV (jedwali linalofunguka kwenye Excel) yenye mwanzo na mwisho wake. Itunze kwa ajili ya haki zako SOCODA, shirika la haki za watunzi la Kongo.

Ukikabidhi, toa faili za sauti za WAV za biti 24, ngoma peke yake, nyuzi peke yake, sauti za watu peke yake. Monteri ataweza kushusha ngoma chini ya maneno bila kuua muziki wote.