Nyumba za popo zinazouzwa tayari: tazama mwanya kabla ya mbao

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Anayetaka kumnunulia popo makao aanze na methali hiyo, kwa sababu masanduku mengi yanayouzwa yamependezeshwa nje tu: mbao imepigwa msasa ikang'aa, imepakwa vanishi, mbele kumechorwa popo mwenye mabawa wazi. Ndani ni utupu mpana kama kiota cha ndege. Popo hakai humo.

Tumelinganisha aina tatu zinazopatikana kwa wingi: kisanduku chembamba cha chumba kimoja, sanduku la vyumba vitatu au vinne (yaani nafasi nyembamba zilizotenganishwa kwa mbao), na lile la saruji iliyochanganywa na vumbi la mbao. Ukitaka kuchagua bila kusoma mengine, chukua la vyumba vingi, mradi vipimo vyake viwe sawa. Neno moja kwanza: haya yote ni ya popo wadogo wala wadudu, wale wanaojibana kwenye nyufa. Popo wakubwa wala matunda wengi hulala wakining'inia mitini, na hakuna sanduku litakalowavuta.

Kipimo cha kwanza ni mwanya. Umbali kati ya ubao na ubao uwe milimita 19 hadi 25. Kama huna rula dukani, dole gumba la mtu mzima lipite, vidole viwili vikiwekwa sambamba vikwame. Popo anataka mgongo na tumbo viguse mbao, apate joto na adui asimfikie. Ukiongeza mwanya, unawakaribisha nyigu, ambao hujenga kwa raha penye nafasi. Daraja la Congress Avenue mjini Austin, Texas, linaonyesha jambo hili waziwazi. Lilipokarabatiwa mwaka 1980, chini yake zilibaki nyufa nyembamba, zenye kina na joto, na popo wakahamia bila kualikwa. Watu waliogopa, wengine wakadai waangamizwe. Leo wanakadiriwa kufikia milioni 1.5 wakati wa kiangazi, na jioni umati hukusanyika kuwatazama wakitoka kama moshi. Wahandisi hawakuwa na nia ya kujenga nyumba ya popo, ila waliupata mwanya.

Kipimo cha pili ni ukwaruzo. Pitisha ukucha kwenye ubao wa ndani, kuanzia chini kwenda juu. Ukiteleza, rudisha sanduku. Popo hupanda kwa kucha zake ndogo, na mtoto wake hushikilia hivyo hivyo mama anapokwenda kuwinda. Akiteleza anaanguka chini na mara nyingi huo ndio mwisho wake. Bora ni mbao isiyopigwa randa, au iliyochanjwa kwa msumeno mistari ya kulala yenye kina cha milimita 1.5 hivi, kila mstari ukiachana na mwingine kwa milimita 6 hadi 12. Watengenezaji wengine hubandika wavu wa plastiki. Ukiwa mpya unafaa, lakini baada ya muda pini hulegea, wavu huvimba, na bawa hunasa hapo. Wavu wa waya ni mbaya zaidi, unachubua.

Sehemu ya kutua nayo isikosekane: ubao wa nyuma ushuke sentimita 10 hadi 15 chini ya mlango, nao uwe umekwaruzwa. Popo hutua hapo kisha hutambaa kwenda juu. Sanduku lisilo na ubao huo limekosewa, hata lingekuwa la mbao ya mierezi.

Sasa aina zenyewe. Kisanduku cha chumba kimoja ni chepesi na mtu mmoja anaweza kukifunga. Kasoro yake ni joto: jua likipiga kinachemka, jua likitua kinapoa mara moja. Madume wachache watakitumia; mama anayelea atatafuta kwingine. Hupata nafuu kikibanwa kwenye ukuta wa tofali au wa jiwe, maana ukuta hutunza joto usiku. La vyumba vinne lina faida kubwa hapo. Chumba cha mbele hupata moto zaidi, cha nyuma hupoa, na popo huhama kutoka kimoja hadi kingine saa zikienda. Liwe na urefu wa angalau sentimita 60 na upana wa 35. Yale mafupi yanayouzwa kama mapambo ya bustani hayana ngazi za joto ndani. Penye joto kali, liwe na tundu la hewa la mlalo, upana wa milimita 12, yapata sentimita 15 kutoka chini. La saruji na vumbi la mbao hudumu miaka mingi kuliko mbao, halipindi wala halifunguki viungo, na joto lake hubadilika polepole. Ila ni zito, linataka watu wawili na ndoano imara, na mengi yake yamefungwa chini, kwa hiyo kinyesi hujaa na lazima lisafishwe. La mbao lililo wazi chini hujisafisha lenyewe.

Rangi haihusu urembo. Mama na watoto hupenda joto la nyuzi 27 hadi 38 za Selsiasi, na rangi ndiyo huongeza au hupunguza joto la ndani. Zikivuka 40 watoto wanaanza kufa. Mahali ambapo mchana wa mwezi wa joto haufiki nyuzi 29, paka rangi nyeusi au kahawia iliyoiva. Panapopita 38, paka nyeupe. Tumia rangi ya maji, nje tu, na uiache ikauke kabisa hadi harufu iishe. Mbao iliyotiwa dawa ya mchwa usiinunue kabisa.

Masanduku mazuri mengi huharibiwa na ufungaji. Watu huyatundika mtini kwa sababu mti unaonekana ndiyo asili. Mti una kivuli, matawi huziba njia ya kuruka, na bundi hukaa papo hapo akingoja. Funga kwenye ukuta au nguzo, mita 4 hadi 6 juu, isipungue 3, mita 6 au zaidi kutoka kwenye tawi la karibu, mahali panapopata jua angalau saa sita. Taa ya usalama isimulike mlango. Tumia skrubu, si misumari, na kabla ya kupandisha ziba viungo vya juu kwa gundi ya maji ya kuzibia: upepo ukipita darini joto lote linatoka.

Kuhusu matangazo: lile la popo mmoja kula mbu elfu kwa saa lipuuze. Linatokana na majaribio ya maabara, ndani ya chumba kilichojaa mbu, kwa dakika chache zilizozidishwa kuwa saa. Porini popo hula nondo na mbawakawa kwa wingi pia, na mbu wakiwepo. Chambo cha harufu nacho hakifanyi kazi. Mwaka 1929 tajiri Richter Perky alijenga mnara wa popo kisiwani Sugarloaf Key, Florida, kwa ramani za daktari Charles Campbell, akatia na chambo, akitumaini mbu wataisha. Mnara ulisimama mtupu hadi kimbunga Irma kilipouangusha mwaka 2017. Wala popo hawahamishwi kwa kubebwa. Chuo Kikuu cha Florida huko Gainesville kilijenga nyumba kubwa mwaka 1991, popo waliopelekwa humo wakatoroka, wakaja kuingia wenyewe miaka zaidi ya mitatu baadaye. Sasa wamo kwa mamia ya maelfu.

Kwa hiyo lipe sanduku lako misimu miwili kamili. Likibaki tupu, lihamishe penye jua zaidi kabla ya kununua jingine. Popo aliyeanguka usimshike kwa mkono mtupu, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa; akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Dalili ya kwanza kwamba wamefika utaiona chini. Ni punje nyeusi kama mchele, zinazofanana na za panya. Kunja karatasi, ziminye ndani yake: za panya ni ngumu, za popo husagika kuwa unga, na kwenye unga huo kuna vipande vya mabawa ya wadudu vinavyometameta. Ukiviona, rudi jua linapozama, simama kando bila tochi, uhesabu wanaotoka.