Ndoana ya mviringo: ipi ya kununua Tanga, ipi ya kuiacha dukani

Kwa anayevua kwa mchezo na kumrudisha samaki majini, ndoana ya mviringo ni kifaa cha bei ndogo chenye faida kubwa. Ila zinazouzwa madukani zimechanganyika, na nyingine ni za mviringo kwa umbo tu.

Ndoana ya kawaida ncha yake hutazama juu, kwa hiyo samaki akimeza chambo hunaswa kooni au tumboni. Hata ukimwachia, huenda akafia mbele. Ya mviringo ncha yake imekunjwa kuelekea ndani. Mshipi ukikazwa huteleza kutoka kooni bila kushika, hufika pembe ya mdomo, ndipo hugeuka na kunasa taya.

Kabla ya kulipa, ilaze juu ya kioo cha kaunta. Ikilala bapa, chukua. Ncha ikiinukia upande mmoja, iache, maana hiyo inaweza kuchoma utumbo njiani na faida yote ikapotea. Ya chuma cha pua nayo haifai, japo muuzaji ataisifia kwamba haishiki kutu. Kasoro ni hiyo hiyo: mshipi ukikatika, chuma cha kawaida huliwa na chumvi, lakini hiki hubaki mdomoni mwa samaki muda mrefu.

Usitegemee namba ya ukubwa, kila kiwanda kina vipimo vyake. Tazama nafasi kati ya ncha na mti wa ndoana, yaani sehemu yake iliyonyooka. Kibua wa chambo mchome midomoni tu. Akijaza nafasi hiyo, ndoana haitapata pa kushika.

Wanaolalamika kwamba inakosa samaki, wengi wao hushtua mshipi kwa mazoea. Ukishtua, unaichomoa kabla haijageuka. Mwache sulisuli aondoke na chambo, kisha kaza breki ya rili polepole, fimbo ikijikunja yenyewe.

Kwa sulisuli wa majira ya kaskazi katika mkondo wa Pemba, na kwa kolekole wa miambani, tunaipa alama za juu. Kwa kurambaza nguru kwa chambo bandia, chombo kikienda kasi, usihangaike nayo.

Minya kijino cha ncha kwa koleo ili ndoana itoke upesi. Samaki abaki majini ubavuni mwa chombo; sulisuli aliyechoka mshike mdomo mrefu, nahodha asogee taratibu ili maji yapite kwenye matamvua.

Kwa chewa wa kina kirefu, ndoana hii haiokoi kitu. Hewa ya ndani hutanuka akipandishwa, tumbo likatokea mdomoni. Usilitoboe, mshushe haraka kwa chubwi zito, na kama huna haja ya kitoweo, hama hapo. Na ndani ya eneo tengefu kama Maziwe, mbele ya Pangani, hakuna ndoana inayoruhusiwa, iwe ya mviringo au vinginevyo.