TAHADHARI: Shuu za handbreki za Land Rover zilizopakwa rangi, hapa Arusha

Wakuu, wenye Land Rover za zamani, Defender na Discovery za mwanzo, kuweni macho. Kuna duka la spea hapa mjini linauza shuu za handbreki (vile vyuma vilivyopinda vyenye lainingi, tabaka la kukamatia dramu) zilizokwisha kutumika kama mpya, ndani ya boksi lenye nembo na stika inayong'aa, shilingi 90,000. Jina silitaji kwa sababu suala limeshafika kwa wahusika, ila mchezo wenyewe nauanika, maana na fundi yumo.

Unampelekea gari, handbreki haishiki. Anaingia uvunguni, anatoka hata jasho halijamtoka: "Shuu zimekwisha, bosi." Anampigia simu mwenye duka mbele yako, bodaboda inaleta boksi, anafunga, handbreki inauma safi kabisa. Ukiulizia zile za zamani anakwambia keshazitupa. Thubutu! Zinaoshwa kwa petroli, zinapigwa msasa, zinapuliziwa rangi nyeusi, zinamsubiri mwingine.

Wanafanikiwa kwa sababu handbreki ya gari hizi haiko kwenye magurudumu. Ni dramu moja nyuma ya transfa (giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma), inakamata propela ya nyuma (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma), na wengi wetu hatujawahi kuifungua. Ikilegea, mara nyingi shida si lainingi kuisha, ni oili. Sili ya nyuma ya transfa, ile ringi ya kuzuia oili, ikichoka, oili inaingia kwenye dramu na kulowesha shuu. Kipumulio cha transfa, njia ya kutolea presha, kikiziba ndiyo balaa zaidi, presha inasukuma oili hata kama sili ni mpya. Lainingi ikishanyonya oili haina dawa. Petroli inasafisha uso tu, dramu ikipata moto oili inachuruzika tena.

Za kwangu zilishika siku chache tu. Tumeegesha pale juu ya Mto wa Mbu, wageni wanapiga picha Ziwa Manyara, gari ikaanza kurudi nyuma taratibu. Dereva mwenzangu aliwahi kusukumia jiwe chini ya tairi, la sivyo leo tungekuwa tunazungumza mengine.

Tulipofungua dramu kila kitu kilikuwa wazi. Rangi imepanda hadi kwenye ukingo wa lainingi, kitu ambacho kiwandani hakitokei. Ukiikwangua kwa ukucha, chini yake kuna kutu na mistari ya msasa. Matundu ya springi yamelika na kuwa marefu. Na harufu ni ya oili ya gia waziwazi. Sili haikuguswa kabisa, ingawa kwenye karatasi aliyoniandikia fundi ipo na imelipiwa.

Mwenye duka nilipomrudia alisema nimeharibu mwenyewe kwa kuendesha handbreki ikiwa juu. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakutoa, eti mashine mbovu. Hapo ndipo pa kushtukia mapema: duka lisilotoa risiti ya EFD, usiache hela yako. Bidhaa bandia zinaripotiwa Tume ya Ushindani, FCC, na bila risiti utahangaika sana kuthibitisha ulinunua wapi.

Kwa anayetengeneza sasa hivi, simama hapohapo fundi anapofungua. Si kazi ya siku nzima, ni nati nne za propela na skrubu mbili za dramu. Ukiona oili ndani, sili na kipumulio vinatangulia, shuu baadaye. Kama ni kavu na lainingi bado nene, huenda inataka kurekebishwa tu: boliti iliyo nyuma ya sahani inayobeba shuu inakazwa mpaka dramu igome, halafu inarudishwa mpaka izunguke huru. Fundi anayekimbilia kukaza kebo kabla ya hapo anakuficha tatizo. Shuu za zamani ondoka nazo, au zipigwe nyundo mbele yako.

Kabla ya kuingia chini wekeni mawe kwenye tairi. Hata handbreki nzima haizuii Land Rover ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu (gia zinazogawa mzunguko kwa magurudumu mawili) inaachia lile lililobaki chini, labda uwe umefunga difloki ya kati, inayounganisha propela ya mbele na ya nyuma.

Mwenye boksi lenye stika ya aina hiyo anitumie picha inboksi, niziunganishe na zangu kwenye malalamiko.