Dell U2412M ya mtumba: 16:10 kwa kazi za karatasi

Kwa wakala wa forodha au mhasibu wa Mombasa anayeshinda na ankara na majedwali, tunaipendekeza monita hii bila kusita, hata ikiwa ya mtumba. Sababu yake ni kimo.

Ni ya inchi 24, uwiano wa upana kwa kimo wa 16:10: upana kama sentimita 51.7, kimo 32.3. Ya 16:9 yenye inchi hizo hizo ina upana wa 53.1, lakini kimo chake ni 29.9 tu. Karatasi ya A4 ina kimo cha 29.7. Kwenye 16:9, menyu ya programu ikishachukua nafasi yake, sehemu ya chini ya ukurasa haionekani. Kwenye U2412M, ukificha upau wa chini wa Windows, A4 mbili zinakaa ubavu kwa ubavu kwa ukubwa wao halisi. Katika Excel, pikseli (nukta za picha) 1200 za kwenda juu badala ya 1080 zinakupa safu mlalo 6 zaidi.

Usidanganyike na inchi, maana hupimwa kona hadi kona. Ofisi inayoacha kioo cha zamani cha inchi 19 cha 5:4, chenye kimo cha 30.1, ikachukua cha inchi 22 cha 16:9, inashuka hadi 27.4. Kioo kipya, kurasa fupi!

Udhaifu wake ni matundu ya kuchomeka waya wa picha: ina VGA, DVI na DisplayPort, haina HDMI. Kama laptopu yako ina HDMI pekee, nunua waya wa HDMI kwenda DVI. Waya huo unabeba pikseli 1920 kwa 1200 bila shida. Ule wa bei nafuu wa DisplayPort kwenda HDMI haufai, kwa sababu hupitisha picha upande mmoja tu, kutoka kompyuta yenye DisplayPort. VGA iwe chaguo la mwisho, herufi hufifia.

Ukishaunganisha, fungua mipangilio ya skrini uchague 1920 x 1200. Ikibaki 1920 x 1080, picha huvutwa kwenda juu na duara linakuwa yai. Wengi hulaumu kioo bure.

Dukani, mulika matundu kwa tochi: hewa ya chumvi ya pwani huleta kutu kwenye pini. Washa picha nyeupe kisha nyeusi utafute madoa na nukta zilizokufa, na inua kioo juu ya stendi uone kama kinabaki hapo.

Kwa kamera za ulinzi na filamu, chukua 16:9.