Fundi umeme aliyefungua soketi zote jikoni kwangu Nkuhungu, nyota 4

Namba yake siweki hapa, mwenyewe kakataa kasema simu zimemzidi, anayemtaka aje inboksi. Nampa nyota nne, ya tano nimeibakiza na sababu nitaisema.

Ilianza na harufu ya samaki. Siku hiyo tumepika ugali na mlenda, samaki hata wa kusingizia hayumo ndani, lakini kila nikipita pale kwenye kaunta ninapochomeka oveni naisikia, kali, kama dagaa walioachwa juani. Nimeosha kaunta, nimesogeza friji, nimemlaumu mtoto. Kumbe ni plastiki ya soketi inapikika.

Nirudi nyuma kidogo. Naoka keki za oda, nyingi zinaenda maofisini Mtumba, kwa hiyo Alhamisi usiku jikoni hakulaliki. Nyumba niliinunua imeshaisha, zile za kujengwa haraka haraka ziuzwe watu walivyoanza kuhamia Dodoma, wayaringi sikuiona ikifanyika. Tangu nimehamia, oveni na mikroweivu zikiwa zinafanya kazi halafu nikawasha na birika, dakika chache tu breka ya jikoni inashuka. Nikaita fundi wa mtaani, akafungua soketi moja ya karibu na mlango, akachungulia, akasema mama huu waya ni 2.5 (unene wake kwa milimita za mraba) hauna neno, breka ndo imechoka. Akatoa ya ampea 16 akaweka ya 32, nikampa elfu kumi na tano yake na breka haikushuka tena, nikamsifia mpaka kwa majirani jamani. Miezi kadhaa mbele ndo harufu. Nikaita mwingine, huyu akabadilisha soketi, nyeupe mpya inang'aa, wiki tatu nayo ikaanza kuwa njano upande mmoja.

Ndo jirani akaniletea huyu wa sasa, mzee wa makamo, Mgogo wa hapa hapa, kaingia na salamu yake ya Kigogo, mbukwenyi, mpole, haongei sana. Niliomba leseni ya EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji, kabla hajashika chochote (nimeshachoka kuliwa) na hakununa, akaitoa kwenye pochi akanionyesha. Nikamwambia baba nishaambiwa waya hauna shida ni 2.5. Akaniuliza, aliyekwambia alifungua soketi ngapi? Nikasema moja. Akacheka tu.

Akazima mein swichi, akapima na tesa kuhakikisha, halafu akafungua zote nne. Ya kwanza kweli 2.5. Ya pili, ya tatu na ya nne, waya mwembamba. Mimi kwa macho yangu nisingeona tofauti, mwekundu ni mwekundu, lakini alikuja na venia, kile kipimo cha kubana, akabana shaba ya ule wa kwanza kipenyo kikasoma milimita 1.78, akabana wa pili kikasoma 1.38. Huo wa pili ni 1.5, akasema, waya wa taa. Kwenye soketi ya oveni akaushika waya akaukunja kidogo tu na ganda likavunjika kama ukoko wa wali, vipande vikaanguka kwenye kaunta, shaba ndani imekuwa nyeusi. Nilikaa chini.

Kisha akapanda darini. Pale juu ya mlango wa jikoni akakuta jointi, 2.5 inatoka kwenye DB (boksi la breka) inafika hapo, halafu mtu kaunganisha 1.5 kwa kuzisokota na kuzungushia tepu nyeusi basi, hata boksi hamna. Yaani aliyejenga kaweka waya mzuri mpaka pale mkaguzi anapochungulia, kule ndani kabana matumizi. Na mzee akaniambia kitu ambacho mpaka leo kinanichemsha: ile breka ya 16 ya mwanzo haikuwa mbovu, yule aliyejenga aliweka 16 kwa sababu alijua waya wake hauwezi zaidi ya hapo. Breka kazi yake kulinda waya, sio birika lako. Ilikuwa inashuka kwa sababu inafanya kazi. Alivyokuja fundi wangu wa elfu kumi na tano akaweka 32 ni sawa na kumfunga mlinzi mdomo.

Hesabu aliniandikia kwa kalamu nyuma ya boksi la keki, ninalo bado. Oveni 2000, birika 2200, mikroweivu 1400, jumla wati 5600, gawa kwa volti 230 inakuja ampea 24 na kitu. Waya wa 1.5 ukiwa ndani ya bomba ukutani, zaidi ya kama 16 unaanza kuteseka, na joto halipandi sawasawa na umeme, umeme ukizidi mara mbili joto linazidi mara nne. Ganda la plastiki limetengenezwa livumilie digrii 70. Ongeza dari ya bati la Dodoma mwezi wa kumi saa saba mchana, kule juu peke yake ni oveni tayari. Na breka ya 32 inakaa tu inatazama, 24 kwake ni kawaida.

Akanipa njia mbili bila kunilazimisha: arudishe breka ya 16 leo leo na mimi niache kuwasha vyote pamoja, au avute waya upya. Siku hiyo alirudisha 16 nikaoka kwa mateso, nachemsha maji kwa gesi. Waya tukavuta wiki iliyofuata. Alisema Jumanne, akaja Alhamisi, siku yangu ya oda, hapo ndo nyota ilianza kutetereka.

Kuvuta kwenyewe nilidhani atachana ukuta mzima na grainda. Hapana, alifunga waya mpya kwenye ncha za ule wa zamani akawa anavuta wa zamani unatoka huku, mpya unaingia kule. Kona moja ikagoma kabisa. Akaniuliza mama, poda ya mtoto ipo? Nikajua anatania. Akapaka poda kwenye waya, kijana wake anasukuma darini yeye anavuta chini, ukapita ssss kama nyoka, jikoni kote kunanukia kichanga. Soketi zote sasa ni 2.5 mwanzo mwisho, na breka ya 20. Oveni kaipa laini yake peke yake, waya wa 6 na swichi ya kuka (ile kubwa ya jiko), breka 32 ya halali safari hii, maana nina mpango wa oveni kubwa na alisema kuliko kurudia bora tufanye mara moja. Kipande cha hiyo laini ndo kilihitaji kuchana ukuta, na hapo akanipasulia kigae. Pale kwenye jointi hakuna jointi tena, waya unaenda moja kwa moja.

Ufundi alitaka laki na ishirini tukashuka laki, vifaa nilinunua mwenyewe mjini nikiwa naye, na dukani alisoma maandishi yaliyochapwa kwenye waya mita kwa mita, akakataa roli moja kwa kuushika tu, muuzaji akanuna. Hela ya vifaa hakuigusa wala hakuongeza cha juu, hilo peke yake kwa mafundi wetu ni nyota nzima.

Alichokosea: siku mbili za kuchelewa bila simu, vumbi la plasta mpaka kwenye unga wangu wa ngano, na kwenye DB hajaandika breka ipi ni ya wapi, nimeandika mwenyewe kwa maka peni. Sasa hivi oveni, mikroweivu na birika zote zinawaka na soketi nikiigusa ni ya baridi, naigusa kila Alhamisi usiku imekuwa kama ugonjwa. Kigae aliahidi kuleta kinachofanana. Mwezi wa pili huu namdai.