Nimelipia darasa la mtandaoni "rafiki kwa wasioona": soma kabla hujatuma hela

Nianze na ninyi mliotangaza. Mtu akiandika kwenye tangazo lake kwamba chumba chake cha mafunzo ya mtandaoni ni "rafiki kwa wasioona, kinatumika chote kwa kibodi", mimi naelewa kwamba nitaingia, nitasikiliza, nitauliza, nitajibu na nitatoka bila kugusa mausi, kwa sababu mausi kwangu haina kazi. Hicho ndicho nilicholipia. Nilichopata ni kudhalilishwa mbele ya darasa zima, halafu nikadhalilishwa tena kwenye simu, na hasira haijaisha mpaka leo.

Jina la kampuni silitaji. Wenyewe wakisoma watajijua, na wasioona wenzangu wa Dar wanaotafuta mafunzo ya aina hii watakitambua chumba chenyewe kwa hilo balaa la herufi nitakalolieleza.

Mimi ni opereta wa simu, ofisi yetu iko Posta. Sioni tangu utotoni. Kompyuta naitumia kwa NVDA, ile programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran na James Teh, Waaustralia wawili ambao nao hawaoni. Nikisikia bei ya JAWS, programu nyingine ya kusoma skrini ambayo ni ya kulipia, huwa namshukuru Mungu kwa ajili ya hao wawili. Nasema haya ili mtu asiniambie kwamba tatizo ni mimi sijui kompyuta. Kibodi iko mikononi mwangu kutwa nzima, ndiyo inayonilisha.

Mafunzo yalikuwa ya huduma kwa wateja. Naomba hilo mlishike: huduma kwa wateja. Ilikuwa kipindi cha mvua, zile siku Jangwani hapapitiki na ukitoka kazini hujui utafika nyumbani saa ngapi, ndiyo maana tukachagua ya mtandaoni badala ya kwenda ukumbini. Tulijiunga wawili, mimi na mwenzangu wa kitengo ambaye naye haoni. Kila mmoja alilipa laki na nusu yake. Tukawa tunabaki ofisini baada ya kazi na kompyuta moja, sauti tumeiweka kwenye spika ili wote tusikie.

Chumba kile kina amri zake za kibodi, na ni fupi mno. M inawasha na kuzima maiki. H inanyoosha mkono na kuushusha. C inakupeleka kwenye kisanduku cha ujumbe. Hakuna Alt, hakuna Control, ni herufi tupu. Orodha ilipotufikia mwenzangu alifurahi sana, akasema hawa wametufikiria, kidole kimoja kinatosha.

Anayetumia programu ya kusoma skrini ameshashtuka hapo. Kwenye ukurasa wa kawaida wa intaneti, H ni yetu: inaruka kwenye kichwa cha habari kinachofuata. B inaruka kwenye kitufe, E kwenye sehemu ya kuandika. Waliotengeneza chumba hiki waliona zitagongana, wakaamua kuuandika ukurasa mzima kwa namna inayoiambia NVDA ikae kando, kila unachobonyeza kiende moja kwa moja chumbani. Kwa hiyo humo ndani herufi inabaki herufi pale tu kishale, ile alama ya mahali unapoandika, kinapokuwa kwenye kisanduku cha ujumbe. Kikitoka, kila herufi ni amri.

Na kishale kinatoka. Kinatoka bila wewe kukitoa! Ukiwa katikati ya kuandika, mtu mwingine akituma ujumbe, kisanduku kinajichora upya na kishale kinatupwa nje. Anayeona ataona hakiwaki tena, atabofya, ataendelea. Mimi wakati huohuo nasomewa ujumbe wa huyo aliyetuma, kwa hiyo hakuna sauti inayoniambia kwamba nimetolewa. Vidole vinaendelea na sentensi yao.

Sasa siku yenyewe. Mkufunzi alikuwa anaeleza namna ya kumtuliza mteja aliyepandwa na hasira. Nilikuwa na swali zuri tu, kwa sababu hao wateja ndio ninaozungumza nao kila siku: je, akikutukana ukate simu au umwache amalize? Nikabonyeza C, nikaanza kuandika "Samahani mwalimu". Nimefika "Sa", mshiriki mmoja akatuma ujumbe wake. Kishale nje.

Fuateni herufi zilizobaki. M, maiki ikawaka. H, mkono ukanyooka. M ya kwanza ya "mwalimu", maiki ikazima. M ya pili, ikawaka tena. Neno limekwisha, mkono wangu uko juu, maiki iko wazi, na NVDA kwenye spika inatangaza kwa kasi yake ya kawaida kila kilichotokea. Ile kasi sisi tumeizoea. Asiyeizoea anasikia makelele. Darasa zima likayapata.

Mkufunzi akasema, "Haya dada uliyenyoosha mkono, karibu." Mimi sijui kama nimenyoosha mkono. Nimebonyeza C nirudi kwenye ujumbe wangu nijue umefikia wapi. Akarudia, "Dada, tunakusubiri." Kisha sauti ikabadilika: "Jamani, nani huyo ana redio? Zima redio, tuwe na adabu, wenzako wanasoma." Watu wakacheka. Niliwasikia. Nikabonyeza M nizime maiki, lakini C ilikuwa imeshanirudisha kwenye kisanduku, kwa hiyo M ikaandikwa kama herufi. Nikabonyeza tena, ikaandikwa nyingine. Nikafungua mdomo nijieleze kwa sauti, nikasema "Mwalimu, samahani, mimi ni", na hapohapo tukatolewa chumbani.

Mwenzangu alikuwa pembeni yangu, yeye hakuwa amegusa chochote. Mlango ulifungwa kwa wote wawili. Tulijaribu kurudi, chumba kikajibu kwamba tumeondolewa na mwendeshaji. Laki tatu zetu ziko ndani, sisi tuko nje.

Hata hapo nilikuwa tayari kusamehe. Mkufunzi hakujua. Hakuambiwa na waajiri wake kwamba ana wanafunzi wawili wasioona, na programu ikizungumza kupitia maiki mtu anaweza kudhani ni redio kweli. Kilichonimaliza ni simu ya kesho yake.

Nilipiga namba ya msaada asubuhi kabla ya kuanza zamu. Akapokea dada, sauti nzuri. Nikamsalimia, nikajieleza taratibu, nikamtajia na herufi zenyewe. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani dada hapo ulipo hakuna mtu anayeona?"

Nikamuuliza anamaanisha nini. "Namaanisha mtu wa kukaa na wewe akubonyezee. Wengine huwa wanafanya hivyo, mbona rahisi tu."

Mimi nimepokea simu miaka yote hii. Nimetukanwa, nimepigiwa kelele, nimeitwa majina. Sijawahi kumwambia mtu aliyepiga kwamba atafute mtu mwingine wa kumpigia. Nikamwambia: dada yangu, mmetangaza kwamba chumba kinatumika chote kwa kibodi. Akasema, "Ndiyo, kinatumika, ila kwa hali yako utahitaji msaidizi." Hali yangu. Nikamwambia naomba kuzungumza na mkubwa wake, akasema yuko kwenye kikao. Nikaomba anipigie, akasema sawa, na namba yangu hakuiandika, kwa maana hakuniuliza jina wala hakurudia tarakimu hata moja, na kazi hiyo naijua.

Huyo ndiye anayewakilisha kampuni inayofundisha huduma kwa wateja.

Na kasoro yenyewe haina ugeni wowote. Ule mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika, toleo la 2.1 lililotolewa mwaka 2018 na W3C, shirika linaloweka viwango vya intaneti, unazungumzia jambo hilihili: ukiweka amri ya herufi moja, mpe mtumiaji njia ya kuizima, au ya kuibadilisha iwe na kitufe kama Control au Alt, au iwe inafanya kazi pale tu sehemu husika inapokuwa imechaguliwa. Walipaswa kutimiza moja tu kati ya hayo. Kwenye Zoom ya Windows, kwa mfano, maiki ni Alt na A, mkono ni Alt na Y, ujumbe ni Alt na H. Kwenye Teams maiki ni Control, Shift na M. Google Meet ni Control na D. Andika "samahani mwalimu" humo hata kishale kikikukimbia, hakuna mkono utakaonyooka. Waliona mbali wale.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Mkataba ule, ibara ya 9, unataja habari na mawasiliano, pamoja na intaneti. Kwa hiyo "tafuta mtu anayeona" si jibu ambalo mtu aliyelipa anapaswa kupewa mjini hapa.

Basi, msilipie. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeandika mwanzo, nikataka kuishia hapo.

Lakini haki itendeke. Siku chache baadaye nikapigiwa jioni na kijana wa kitengo chao cha ufundi. "Shikamoo dada, nimeambiwa una shida na kibodi." Nikaitikia kwa ukavu, nikijua ni yaleyale. Haikuwa hivyo. Akaniuliza natumia programu gani ya kusoma skrini, toleo gani, kivinjari gani. Akasema anaiweka NVDA kwenye kompyuta yake muda huohuo, nisikate. Nikamsikia anaiwasha. Nikamsikia anaandika, na mwenzake anamtumia ujumbe kwa kumjaribu, na kwenye simu nikasikia maiki inatangazwa kuwashwa. Akasema, "Aisee! Dada, hii ni yetu. Hili kosa ni letu." Sikutegemea kwamba maneno hayo yangenishika koo namna ile.

Akanipa njia ya kuvukia: niandike kwanza kwenye Notepad, ninakili, niingie kwenye kisanduku kwa C na kubandika kwa Control na V, kisha Enter harakaharaka. Inafanya kazi. Tukarudishwa darasani, mkufunzi akatuomba radhi mbele ya wote, kwa sauti ya mtu aliyeona aibu kweli. Na mengine, nikisema ukweli, yalikuwa mazuri. Kitufe cha mahudhurio kikitokea kinakuja chenyewe pale ulipo, unabonyeza Enter, basi. Masomo yaliyorekodiwa unayasimamisha na kuyarudisha nyuma bila tabu. Vitabu vyao viko kwenye Word vikiwa na vichwa vya habari halisi, H inakupeleka sura hadi sura. Vyuo vikubwa vinashindwa hilo. Mkufunzi mwenyewe anajua anachofundisha, na swali langu la mteja anayetukana alilijibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Nikasema nyota tatu. Kuna siku nilisema hata nne.

Kisha yule kijana akanipigia tena kwa furaha: wameweka sehemu ya kuzima amri za herufi moja. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaikuta, nikazima, nikaandika sentensi nzima huku ujumbe ukimiminika, maiki haikuwaka. Nilimshika mwenzangu mkono, tukacheka wote wawili. Kesho yake tukaingia darasani, nikaandika, maiki ikawaka. Chumba kilikuwa kimesahau. Kila ukiingia kinaanza upya, amri zote zimewashwa, na ili kufika kwenye hiyo sehemu ya kuzima unapita orodha ndefu ya mipangilio kwa Tab, moja baada ya nyingine, wakati darasa limeshaanza.

Nikapiga namba ya msaada. Akapokea yuleyule dada. Nilimjua kwa sauti, yeye hakunijua. Nikamwambia chaguo halihifadhiwi. Akasema, "Si umeambiwa uzime kila ukiingia? Au kama unaona usumbufu, mtu akusaidie." Yaleyale, baada ya yote hayo!

Nyota ni moja. Kijana wa ufundi na mkufunzi hawamo kwenye hukumu hii, wao nawasifu popote, na bosi wao akisoma hapa ajue ana kijana anayestahili kupandishwa. Ila chumba kisichokumbuka kwamba sioni, na simu inayopokelewa na mtu anayenitafutia mwenye macho, hivyo sivilipii tena. Ngazi ya pili wanaitangaza sasa hivi, kwa maneno yaleyale ya "rafiki kwa wasioona". Ukitaka kujiunga, omba kwanza wakufungulie chumba bure kwa nusu saa, mwambie mtu akutumie ujumbe mfululizo huku unaandika, utoke, uingie tena, uandike tena. Wakikataa kukufungulia, hela yako ibaki kwenye simu yako. Mwenzangu amedai arudishiwe nusu ya ada yake kwa madarasa aliyofungiwa nje, na mpaka naandika haya hawajamjibu.