Chiappa Rhino ya inchi 2: mtutu umeshushwa chini, je, inafaa?

Machalii wa Chuga, na ninyi wa Moshi mnaoandika komenti kabla video haijaanza, karibuni. Leo mezani nina rivolva ambayo kila anayeiona kwa mara ya kwanza anauliza swali lilelile: hii imeunganishwa juu chini? Haijakosewa. Ni Chiappa Rhino, toleo la 200DS, mtutu wa inchi 2, inabeba risasi sita za aina ya .357 Magnum. Si yangu. Mwenyewe ni huyu mzee wetu hapa pembeni, mwindaji mstaafu, leseni anayo, na tuko kwenye kiwanja kilichoruhusiwa nje kidogo ya mji, upande wa Kisongo. Ndiyo maana mnasikia upepo.

Shikamoo mzee. "Marahaba, mwanangu. Fungua silinda kwanza, maneno baadaye."

Sawa. Naifungua silinda, hili pipa linalozunguka na kubeba risasi. Kitufe chake hakiko pale mlikozoea. Ni kijiwenzo kilicho kushoto, nyuma ya silinda, unakibonyeza kwenda chini kwa kidole gumba. Chemba sita, yaani matundu ya risasi, zote tupu, mzee ameona, kamera imeona.

Sasa tazameni kutoka ubavuni. Rivolva karibu zote unazozijua zinapiga risasi iliyo kwenye chemba ya juu kabisa. Hii inapiga ya chini kabisa. Mtutu upo chini, karibu usawa wa kidole cha triga, na juu yake kuna chuma kinachoonekana kama kimewekwa kujaza nafasi. Wazo hili ni la Mwitaliano Emilio Ghisoni, ambaye alishalitumia kwenye bastola zake za Mateba miaka mingi kabla. Alifariki 2008, kabla Rhino haijaingia sokoni. Kampuni ya Chiappa iko mkoa wa Brescia, Italia, eneo ambalo watu wake wametengeneza silaha kwa karne nyingi, kwa hiyo hiki si kichekesho cha mtu wa gereji.

Kwa nini ahangaike hivyo? Sababu ni teke, yaani jinsi bastola inavyokurudia mkononi ukipiga. Chukulia kabati la nguo: ukilisukuma juu linainama, ukilisukuma chini linateleza kwenda mbele. Bastola ya kawaida mtutu wake uko juu ya kiganja, kwa hiyo nguvu ya risasi inaisukuma kwa juu, pua inaruka angani, na wewe unaanza kuitafuta shabaha upya. Kwenye Rhino nguvu ileile inakuja moja kwa moja kwenye kiganja na mkono. Sikilizeni vizuri, maana wauzaji wanapenda kulipindisha hili: teke halijapungua. Bastola ina uzito wa takriban gramu 700, risasi ni ileile, hesabu ni ileile. Kilichobadilika ni njia linakopita.

Na linapita vizuri. Nimepiga Magnum kwenye bastola ndogo za kawaida, na baada ya silinda moja huna hamu ya nyingine. Hapa pua inanyanyuka kidogo tu na kurudi. Risasi ya pili inakuja haraka, na kwa bastola ya kujilinda, risasi ya pili ndiyo mazungumzo yote. Kiganja kitauma, lakini macho yako bado yako kwenye shabaha. Kwa hilo nampa Ghisoni heshima zake.

Jambo jingine zuri ni silinda yenyewe. Si duara kamili, imechongwa bapa bapa pembeni, ina pande sita. Maana yake ni nyembamba kidogo kuliko silinda ya risasi sita ya mviringo, na ukiivaa kiunoni chini ya koti inalala vizuri. Na Arusha hii mwezi wa saba nani anatembea bila koti? Fremu ni aloi ya alumini, mtutu na silinda ni chuma.

Haya, sasa tuje kwenye yanayoniudhi, na hapa nitakaa kidogo.

Hiki kinachoonekana nyuma kama nyundo si nyundo. Ni wenzo wa kukoki, yaani kuivuta nyundo ikae tayari kupiga. Nyundo halisi imefichwa ndani. Ukiuvuta wenzo nyuma, ndani inakoki, halafu wenzo unarudi mbele kama hujafanya kitu. Mtu aliyezoea rivolva anaangalia nyundo ili ajue bastola imekokiwa au la. Hapa ukiangalia utadanganyika. Wameweka kijiti chekundu kidogo kinachojitokeza juu, upande wa kushoto, kukwambia imekokiwa. Kijiti chekundu! Usiku, mikono inatetemeka, mbwa wanabweka, wewe utatafuta kijiti? Na kuituliza bila kupiga unatakiwa uuvute wenzo nyuma tena, uushikilie, ubonyeze triga, halafu uurudishe taratibu, na muda wote huo mtutu uelekee mahali salama. Kwa mwenye mazoezi ni kitu cha kawaida. Kwa mtu anayeipiga mara moja kwa mwaka, ushauri wangu ni asiikoki kabisa; avute triga tu mwanzo hadi mwisho. Ni nzito, na ni ndefu, lakini haina fumbo.

La pili ni vidole. Rivolva karibu zote zina upenyo kati ya silinda na mtutu, na ukipiga, gesi ya moto inachomoka hapo kwa kasi. Kwenye rivolva ya kawaida upenyo huo uko juu, mbali na mkono. Kwenye Rhino umeshushwa pamoja na mtutu. Vijana waliojifunzia bastola za magazini wana tabia ya kunyoosha kidole gumba cha mkono wa pili kuelekea mbele. Ukifanya hivyo hapa, gesi itakuunguza au kukukata. Mzee aliniwekea mikono mwenyewe kabla hajaniruhusu kupiga, na alikuwa mkali.

La tatu ni fundi. Kwa sababu nyundo imefichwa na mtutu umehamishwa, humo ndani kuna vipande vingi vya kuunganisha wenzo, nyundo na triga, vingi kuliko rivolva ya kawaida. Arusha tuna mafundi wazuri wa raifo za kuwindia, ni mji wa safari huu. Lakini mpelekee hii umwambie triga imekwama. Atakupa chai, mtaongea, halafu atakurudishia. Spea ni za kuagiza, na kuagiza kipande cha silaha si kama kuagiza tairi la pikipiki, kuna vibali.

Lakini swali langu kubwa liko kwenye risasi. Magnum ya .357 ilitoka 1935, na mgandamizo wake unaoruhusiwa ni psi 35,000 (psi ni kipimo cha mgandamizo), wakati .38 Special, risasi ndugu yake iliyo pole zaidi, ya kawaida ni 17,000. Upana wa risasi ni uleule, ganda la Magnum ndilo refu kidogo, kwa hiyo Rhino inakula zote mbili. Sasa, mtutu wa inchi 2 hauna urefu wa kuunguza baruti yote ya Magnum. Sehemu yake inaungua nje. Mliona moto ule kwenye klipu ya kwanza? Hiyo ni nguvu uliyoilipia ikiishia hewani, pamoja na kelele ya kukuziba masikio ukipiga ndani ya chumba. Ukiamua kuweka .38 ili upunguze vurugu, basi teke linakuwa dogo kiasi kwamba rivolva yoyote ya kawaida italimudu, na ule ubunifu wote wa kushusha mtutu unabaki wa kutazama tu.

Mzee, wewe yako ya siku zote ni ipi? "Hii hapa." Smith & Wesson Model 36, risasi tano, .38, muundo wa 1950. Rangi imetoka kwenye kona zote. "Hii nikiitazama najua ina hali gani."

Kwa hiyo mtu akiniuliza, ya inchi 2 ya kujilinda, mimi simshauri, isipokuwa awe mtu wa Magnum kweli na wa mazoezi ya mara kwa mara. Tena kabla hujaanza maombi ya leseni chini ya sheria ya silaha na risasi ya 2015, ulizia kwanza risasi za .357 unazipata wapi na kwa bei gani, maana bila hizo umenunua pambo. Ila Rhino hiihii inatengenezwa pia yenye mtutu wa inchi 4 na 6. Huko baruti inapata nafasi ya kuungua, uzito unaongezeka, na hakuna anayekuharakisha. Kwa kulenga shabaha kiwanjani, ya inchi 4 ningeichukua leo. Mzee anacheka, anasema nani atanilipia.